Mashua ya mwaka 1978, mtambo wa kuvingirisha tanga la mbele unakwama: ninunue upi, au nirudi kwenye kulabu za kushikizia tanga?

#1 | Mtweka Tanga

Salamu kwenu nyote. Nina mashua ya matanga yenye urefu wa mita 10.4, iliyoundwa mwaka 1978, yenye mlingoti mmoja. Niliinunua misimu mitatu iliyopita ikiwa na mtambo wa kuvingirisha tanga la mbele, ambao mwenye mashua aliyenitangulia hakukumbuka ulifungwa lini. Upepo ukiwa wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), mtambo unazunguka bila shida. Mwezi uliopita tulikuwa tukipiga bisho (kwenda kinyume cha upepo), upepo ukapanda ghafla hadi noti 26, nikalegeza demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) na kuvuta kamba ya kuvingirishia. Drumu ya chini inayobeba kamba hiyo ilizunguka mara nne ikakwama. Nilivuta kwa mikono miwili huku nimekaza mguu kwenye ukuta wa kikao (sehemu ya kuendeshea mashua), wala haikusogea. Tuliishia kuwasha injini na kukimbia na upepo, na kabla hatujaweza kulitua tanga lilikuwa limepigapiga kwa muda mrefu hata mshono wa ukingo wa nyuma ukafumuka kwa urefu wa mkono mzima.

Nataka kubadilisha mtambo kabla ya msimu ujao. Nimesoma kuhusu Furlex, Profurl, Harken na CDI, na kila ninayemuuliza anasifu ule alio nao yeye. Kwa mashua ya umri huu, inayosafiri watu wawili tu, ninyi mngechagua upi na kwa sababu gani?

#2 | Jarari

Karibu, ndugu. Kabla hujanunua chochote, tazama juu ya mlingoti, kwa sababu ulichoeleza ndicho hasa kinachotokea jarari, yaani kamba ya kutwekea tanga, linapojizungusha kwenye reli, lile bomba linalouvika waya wa omo (waya unaoshika mlingoti kutoka mbele ya mashua). Kizungushio cha juu, kinachounganisha jarari na kichwa cha tanga, kinatakiwa kibaki kimetulia upande wa jarari huku upande wa tanga ukizunguka pamoja na reli. Jarari likishuka sambamba na waya wa omo, hakuna kinacholizuia kufuata mzunguko. Linajisokota kwenye ncha ya reli mara moja au mbili, na hapo mtambo unakuwa umefungwa kwa kamba yake wenyewe. Jarari linatakiwa litoke kwenye kapi likiwa limeachana na waya kwa pembe ya takriban digrii 8 hadi 10. Ukinunua mtambo mpya na kuufunga kwenye pembe ileile mbaya, utakuwa umenunua ugonjwa uleule.

#3 | Mkuku Mrefu

Sikubaliani na #2 kwamba lazima iwe jarari. Amesema kwenye noti 10 unazunguka vizuri. Kinachobadilika upepo unapopanda ni mzigo, na nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo kutoka noti 10 hadi 26 mzigo umekaribia kuwa mara saba. Beringi zilizochakaa huzunguka bila mzigo na hugoma zikibebeshwa. Tanga likiwa limetuliwa, shika kizungushio cha juu mkononi ukizungushe polepole: ukisikia chembechembe kama mchanga kwenye meno, umepata jibu. Mimi yangu yalikuwa hivyo. Kwa kuanzia jaza grisi kila mahali penye beringi kisha ujaribu tena.

#4 | Binti Demani

Mkuku Mrefu, hilo la grisi tafadhali tulirekebishe kabla mtu hajalifuata. Si kila beringi inataka grisi. Harken hutumia golori za plastiki ngumu zilizo wazi, na kinachotakiwa ni kuzisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukizipaka grisi unashikisha chumvi na mchanga palepale ulipotaka vipite. Profurl beringi zake zimezibwa kwa mpira na hazifunguliwi kwa matunzo ya kawaida. Furlex ndiyo inayotaka grisi, na ina matundu yake maalumu. Kwa hiyo kwanza mtu ajue alicho nacho.

Kuhusu tatizo lenyewe, nina dhana ya tatu. Drumu ilizunguka mara nne ikakwama ghafla, na hiyo kwa uzoefu wangu ni dalili ya kamba ya kuvingirishia kujikanyaga ndani ya drumu. Inatokea hivi: unapolifungua tanga kwenye upepo mzuri, linatoka kwa kishindo, kamba inaingia kwenye drumu ikiwa imelegea, mizunguko inalala ovyo. Siku unapovuta kwa nguvu, mzunguko wa juu unazama chini ya wenzake na kujibana. Nimelitazama hili kwa macho yangu nikiwa nimelala kifudifudi omo, mawimbi yakinipita mgongoni, nikichokoa kamba kwa ncha ya bisibisi. Tangu siku hiyo mkono wangu hauiachii kamba ile tanga linapofunguka. Naizungusha mara moja kwenye winchi na kuilegeza kwa kuibana. Kapi la mwisho nyuma nimeliweka la aina inayouma upande mmoja, na lile la kwanza linalopokea kamba kutoka kwenye drumu limekaa mahali ambapo kamba inaingia kwa pembe mraba, katikati ya urefu wa drumu.

#5 | Kulabu Tu

Mnamzungusha mwenzetu kama mtambo wake. Dawa ipo: atoe reli, atoe drumu, ashone kulabu kwenye tanga, aligawe tanga la mbele kuwa mawili, kubwa na dogo. Tanga la kulabu ukifungua jarari hushuka. Halina beringi, halina kizungushio, halina kamba ya kujikanyaga. Waya wa omo unauona wote kwa macho kuanzia chini hadi juu, wala haujifichi ndani ya alumini kwa miaka. Tanga dogo lililokatwa kuwa dogo linapiga bisho vizuri kuliko kubwa lililovingirishwa nusu, lenye tumbo kama gunia. Mitambo hii imeanza juzi tu, miaka ya 1970, na watu walikuwa wakivuka bahari kabla yake.

Kwa wanaoogopa kwenda omo kukiwa na mawimbi, kuna kamba ya kushushia: inafungwa kwenye kichwa cha tanga, inapita ndani ya kulabu mbili tatu, inaingia kapi chini, inarudi nyuma hadi kwenye kikao. Unaachia jarari na kuvuta kamba hiyo, na tanga linalala juu ya sitaha bila mtu kusogea.

#6 | Mzee wa Omo

Kulabu Tu, mwanangu, tunakuheshimu lakini historia umeikata katikati. Mtambo wa Wykeham-Martin ulikuwa ukitumika Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo unaonekana kwenye mashua za mtindo wa kale. Ni kweli ule ulikuwa wa kufunga tanga lote tu, haukuwa wa kulipunguza, kwa sababu tanga lilijivingirisha kwenye waya wake lenyewe bila reli. Kilichokuja baadaye ni hii reli ya alumini yenye mfereji, ndiyo iliyowezesha kusafiri na tanga lililovingirishwa nusu.

Mimi nina miaka 68 na nimetumia kulabu kwa miaka 22. Nilihama baada ya usiku mmoja ambao nilikuwa omo, kamba ya usalama imenishika kiunoni, nikipandia tanga lililolowa ambalo lilikuwa likinipiga usoni, nami sioni hata mlingoti ulipo. Mwenzangu wa safari alikuwa nyuma peke yake na asingeweza kunirudia kama ningeanguka. Kamba ya kushushia unayoisifia tanga linalishusha, sawa, lakini hailifungi. Mawimbi yanalizoa na kuliburuta nje ya sitaha.

Hata hivyo, mtambo nao una tabia zake. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimetia nanga, tanga limevingirishwa, upepo wa usiku ukaja na kuanza kulifungua kutokea juu, kipande baada ya kipande. Kosa lilikuwa kwamba kamba kwenye drumu ilikwisha tanga lilipofungika tu, hivyo demani hazikupata kulizunguka. Drumu lazima ibaki na mizunguko ya ziada, ili demani zilizunguke tanga lililofungwa mara mbili au tatu. Kamba ikiwa nene mno kuenea kwenye drumu, watu huichomoa kiini kwa ule urefu unaoingia ndani na kuacha ala peke yake.

#7 | Fundi Waya

Nimesoma yote. Naomba turudi kwa mwenye swali, kwa sababu kuna jambo ambalo halijasemwa na ndilo linaloangusha milingoti.

Kwenye mashua nyingi za ukubwa huu waya wa omo ni wa nyuzi 19: mmoja katikati, sita ukiuzunguka huo, kumi na mbili nje. Mtambo unapokwama juu na mtu chini akaendelea kuvuta, nguvu ile inaenda kuusokota waya. Ukisokotwa upande wa kufunguka, nyuzi zinaachana, mzigo unabebwa na chache badala ya zote, na zinakatika mmojammoja ndani ya reli ambako huzioni. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kamba ya kuvingirishia haipelekwi kwenye winchi kwa kuvuta. Mkono ukishindwa, simama uulize kwa nini. Ndugu Mtweka Tanga, je, siku ile ulitumia winchi?

Pia waya wa umri usiojulikana hesabu umeshakwisha. Watu wengi wa kazi hii huubadilisha baada ya miaka 10 hadi 15 hata ukiwa unang'aa, na adui wake mkubwa yuko kwenye kichwa cha chini (kifungio cha chuma kwenye ncha ya waya) kilichobanwa kwa mashine, ambako maji ya chumvi yanaingia, yanakaa bila hewa, na kupasua chuma taratibu.

#8 | Mtweka Tanga

Asanteni sana, sikutegemea mengi hivi. Najibu kwa pamoja.

Fundi Waya, ndiyo, nilitumia winchi. Nilizungusha kama robo ya mzunguko, nikasikia mlio mkavu kutoka juu, nikaacha.

Jarari, baada ya safari nilitua tanga na nikaona kwamba jarari lina sehemu moja, yapata kiganja kimoja kutoka kwenye kizungushio, iliyobanwa ikawa bapa, na ala yake imechubuka upande mmoja tu. Binti Demani, drumu niliifungua siku ya pili na kamba ilikuwa imelala vibaya kweli, lakini sijui kama ilikuwa hivyo tangu mwanzo au ilivurugika nilipokuwa nikivuta.

#9 | Jarari

Kubanwa kuwa bapa, kuchubuka upande mmoja, karibu na kizungushio: mimi sihitaji ushahidi zaidi ya huo. Jarari lilijisokota. Pima kizungushio kinafika wapi tanga likiwa limetwekwa. Tanga likiwa fupi kuliko reli, kizungushio kinabaki chini sana na pembe inapotea. Dawa yake ni kufunga kipande cha waya au kamba isiyovutika kati ya kichwa cha tanga na kizungushio, hadi kizungushio kikaribie ncha ya reli bila kutoka nje yake. Pembe ikiwa bado ndogo, kuna kibanio kinachofungwa kwenye mlingoti chini ya kapi ili kulivuta jarari nyuma. Profurl wao wameweka kizuizi chao kwenye ncha ya reli yenyewe.

#10 | Binti Demani

Jarari, unakimbilia hukumu. Alama kama hizo zinaweza pia kuletwa na jarari la akiba. Mashua nyingi zina jarari la pili juu, la tanga la puto (tanga kubwa jepesi la kukimbia na upepo), linalofungwa omo likiwa limelegea karibu na waya. Tanga linapovingirishwa linalivuta na kulimeza, na la akiba linaweza kulibana jarari la tanga hapo juu. Mtweka Tanga, jarari lako la akiba huwa unalifunga wapi?

#11 | Mtweka Tanga

Omo, kando kidogo ya drumu. Na ni kweli halikazwi sana.

#12 | Safari Mbili

Habari wote. Nimefunga aina tatu tofauti kwenye mashua mbili, niseme ninachokijua juu ya uchaguzi wenyewe, kwa kuwa swali la kwanza limeanza kuzama.

Furlex huja na waya mpya wa omo ndani ya sanduku, na kwa mashua kongwe hiyo ni hoja kubwa, maana unalazimika kufanya lile Fundi Waya analolihimiza. Mitambo ya Harken unaweza kuifunga kwenye waya uliopo, jambo zuri ikiwa waya ni mpya na baya ikiwa unatafuta kisingizio cha kuuacha wa zamani. CDI ni jambo tofauti kabisa: reli yake ni ya plastiki, kipande kimoja kisicho na maungio, na jarari lake liko ndani ya mtambo wenyewe bila kizungushio cha juu. Kwa hiyo ugonjwa wa #2 haupo hapo. Lakini mkazo wa ukingo wa mbele wa tanga huwezi kuubadilisha kwa urahisi ukiwa safarini, na reli ya plastiki inajipinda zaidi chini ya mzigo kuliko ya alumini, hivyo kwa mashua ya mita 10 inayotaka kupunguza tanga mara kwa mara mimi ningefikiri mara mbili.

Zaidi ya jina, tazama mambo haya: je, skrubu ya kukazia waya unaifikia bila kubomoa drumu? Je, kuna kiungo chenye bawaba juu na chini, ili waya uchezee pande zote badala ya kujikunja mahali pamoja? Maungio ya reli yamefungwa kwa nini? Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikikaa ndani ya alumini bila dawa ya kutenganisha metali, baada ya miaka michache hazitoki tena, na alumini imegeuka unga mweupe.

#13 | Mkuku Mrefu

Binti Demani, nakushukuru kwa #4, nafuta neno langu la grisi kila mahali. La beringi silifuti. Mlio mkavu kutoka juu, alioutaja kwenye #8, jarari halitoi. Golori iliyopasuka ndiyo inayolia vile.

#14 | Fundi Waya

Au uzi wa waya uliokatika.

#15 | Kulabu Tu

Dhana nne sasa, na kwenye mashua yangu hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kutokea. Mzee wa Omo, usiku wako ule nauelewa na siubezi. Lakini niruhusu niulize: dhoruba ikija kweli, unatweka nini? Tanga lililovingirishwa likabaki kipande kidogo, kitambaa chepesi kile kile cha upepo mdogo?

#16 | Mzee wa Omo

Umeuliza vema, mwanangu, na hapo tunakutana. Nina waya wa pili wa ndani, unaoondolewa na kufungwa nyuma kidogo ya ule wa omo, na juu yake natweka tanga dogo zito la dhoruba lenye kulabu. Ndiyo, kulabu. Tanga la mbele nalivingirisha lote na kulisahau. Kwa hiyo umenipata nusu, nusu nyingine imebaki nyumbani.

#17 | Mshona Tanga

Mmeongea sana juu ya chuma, ngojeni niongee juu ya kitambaa. Mashua nyingi za miaka ile zilikuja na tanga la mbele kubwa la asilimia 150, yaani umbali kutoka pembe ya demani hadi ukingo wa mbele ni mara moja na nusu ya umbali kati ya mlingoti na waya wa omo. Tanga la namna hiyo ukilivingirisha hadi kufikia upepo wa noti 26, limebaki na umbo la mfuko. Kwa kawaida tanga la mtambo huweza kupunguzwa vizuri kwa kama asilimia 30 ya eneo lake, si zaidi. Ukipita hapo linashika upepo lakini halipigi bisho. Ninayemshonea tanga la kusafiria namshauri asilimia 130 hivi, na utepe wa sponji au kamba kadhaa zilizoshonwa kwenye ukingo wa mbele. Ule unene hunyonya kitambaa cha katikati kinapovingirishwa, na tumbo linapungua.

Kila ukipunguza, sogeza kapi la demani mbele, vinginevyo ukingo wa chini unakaza na wa nyuma unapigapiga, na hapo mshono ndipo unapofumuka. Ndugu Mtweka Tanga, je, wako haukufumuka pale palipo na kitambaa cha kukinga jua?

#18 | Mtweka Tanga

Ni pale pale, dada. Uzi wa kushonea unakatika kwa kucha.

Nimepanda mlingotini leo asubuhi, mke wangu akiwa kwenye winchi na jarari la pili kama kamba ya usalama. Nimekuta mambo yafuatayo. Kizungushio kinaishia sentimita 55 chini ya ncha ya reli. Pembe ya jarari nimeipima kwa simu, ni digrii 4 au pungufu. Kwenye reli kuna mikwaruzo inayozunguka, lakini kuna mingine mirefu upande wa kulia inayoweza kuwa ya jarari la akiba. Kizungushio chenyewe kikizungushwa kwa mkono kinakwaruza. Kisha nikashuka, nikainua drumu na reli kama kiganja, nikapitisha kitambaa kwenye waya juu ya kichwa cha chini. Kitambaa kilinasa. Uzi mmoja wa nje umekatika, ncha yake imesimama kama sindano.

#19 | Jarari

Digrii 4! Sina la kuongeza.

#20 | Mkuku Mrefu

Na kinakwaruza. Mimi pia.

#21 | Fundi Waya

Uzi umekatika chini, karibu na kichwa, kwa hiyo sitaapa kwamba ni ile robo ya winchi. Huenda ni uchovu wa miaka kwa kukosa kiungo chenye bawaba. Vyovyote iwavyo mashua hiyo isitoke na matanga. Funga jarari la akiba kwenye bamba la omo (la chuma, linaloshika waya kwa chini), ulikaze kwa winchi, lisaidie kuushika mlingoti, na ulegeze waya wa tezi (wa nyuma ya mashua) kidogo.

Na kabla hujaagiza mtambo wowote, chomoa pini ya chini uipime, kisha utazame tundu lake kwenye bamba. Ni duara bado?

#22 | Safari Mbili

Upime pia nafasi ya nanga. Kwenye mashua nyingi drumu huinuliwa kwa mabamba marefu ili nanga ipite chini yake, na urefu huo unaibwa kutoka kwenye ukingo wa mbele wa tanga. Mshona Tanga atakuuliza.

#23 | Mtweka Tanga

Jarari la akiba limeshakazwa. Pini ni milimita 12.7. Tundu si duara. Limevutika kwenda juu, naweza kupitisha ncha ya kisu kati yake na pini. Bamba nitalitoa Jumamosi nione upande wa nyuma.

#24 | Fundi Waya

Basi usiagize. Likitoka, lisafishe kwa asetoni, lipake rangi nyekundu ya kuchunguzia nyufa, ulete picha ya pande zote mbili, hasa kwenye pembe linapokunjwa.

#25 | Kulabu Tu

Bamba hilo hata mimi ningelibadilisha.